Mashine pepe ikigoma kuwaka, anzia kwenye BIOS

Karibu kila wiki mtu hunitumia picha ya kosa lenye herufi kubwa na vistari vya chini. Amesakinisha VirtualBox, programu ya kuendesha mashine pepe (kompyuta ndani ya kompyuta), amepakua faili la ISO la Ubuntu, yaani diski ya kusakinishia mfumo huo ikiwa katika umbo la faili, amejaza kila kitu sawasawa, kubofya Start tu, ikagoma. Siku hizi ujumbe wenyewe siumalizi kuusoma. Namuuliza kwanza kama VT-x, uwezo wa prosesa wa kuendesha mashine pepe, imewashwa.

Prosesa za Intel zilianza kuja na uwezo huo mwaka 2005, za AMD mwaka 2006, ila kompyuta nyingi huuzwa ukiwa umezimwa. Kwenye Windows fungua Task Manager, nenda Performance, bofya CPU, kisha tazama mstari wa Virtualization. Ukikuta Disabled, washa kompyuta upya huku ukibonyezabonyeza F2 au Delete mpaka uingie kwenye BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya kompyuta inayotangulia Windows. Kwenye bodi za AMD tafuta neno SVM, jina la uwezo huohuo kwa AMD; mara nyingi limefichwa kwenye mipangilio ya prosesa.

Baada ya hapo ni kugawa mali, na hapa watu huponzwa na ukarimu. RAM uliyompa mgeni (mashine pepe), mwenyeji (kompyuta yako halisi) haitumii tena mpaka mgeni azimwe. Kompyuta ikiwa na GB 8, mpe mgeni 4. Ukimpa 6, Windows itaanza kuazima nafasi kwenye diski, na wote wawili watatambaa. Diski ya mgeni, ambayo ni faili tu kwenye kompyuta yako, ni habari nyingine: ukiandika GB 25 bila kuagiza zitengwe zote mapema, faili huanza dogo na kukua kadiri linavyojaa. Halipungui lenyewe, hata ukifuta vitu ndani yake.

Sasa bofya Start. Kisakinishi kitauliza kama kifute diski yote, na hapo wengi huondoa mkono kwenye kipanya. Kubali tu, diski inayotajwa ni lile faili, haigusi nyaraka zako. Ukimaliza, kisakinishi kikianza tena upya, ISO bado imo, itoe. Kipanya kikinaswa ndani ya dirisha, bonyeza Ctrl ya kulia. Skrini ikikataa kutanuka, sakinisha Guest Additions, programu za nyongeza za VirtualBox zinazowekwa ndani ya mgeni.

Kabla hujaanza kuchokonoa, zima mashine, chukua Snapshot, yaani nakala ya hali yake ya wakati huo unayoweza kuirudia. Mimi yangu ya kwanza huwa naiita "safi", na huirudia mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri.