Kambi ya viumbe katika michezo ya kadi na ya uigizaji mezani

Kambi ya viumbe ni kundi la wahusika wa kubuni wanaounganishwa na namna moja ya kucheza. Sura, mavazi na asili yao hufuata baadaye. Ili kuipima, chukua kadi zake sita, ziba picha na majina, kisha soma kanuni peke yake. Ukitambua kwamba kadi zile sita ni za kundi moja, kambi unayo. Usipotambua, una michoro inayofanana tu.

Anza na sentensi moja inayotaja kitendo. Tuseme unaunda Wanamatope, viumbe wa kinamasi: "Mmoja wetu akifa, waliobaki hupata nguvu." Hapo kadi zinaanza kujitokeza. Kuna kiumbe wa gharama 1, mwenye nguvu 1 na uhai 1, ambaye kazi yake ni kutolewa kafara. Wa gharama 2 hukua kila mwenzake anapokufa. Wa gharama 3 humuua mwenzake ili mchezaji avute kadi, na mkubwa wa gharama 5 huwarudisha mezani wawili waliokufa. Kila kadi ama inaleta kifo ama inafaidika nacho. Zinazofaidika zikiwa nyingi kuliko zinazoleta, mchezaji atabaki na kadi nzuri mkononi zisizo na cha kuziamsha. Mahali pazuri pa kuanzia ni kadi mbili za kuleta kifo kwa kila moja ya kufaidika.

Kinachoua kambi nyingi ni uchache. Toleo la kwanza la Magic: The Gathering, mchezo wa kadi wa Richard Garfield uliotoka mwaka 1993, lilikuwa na Lord of Atlantis, kadi inayowaongezea viumbe wa aina ya Merfolk (nguva) nguvu 1 na uhai 1. Katika toleo lote hilo, kadi ya Merfolk wa kuongezewa ilikuwa moja tu. Fanya hesabu: fungu analochezea mchezaji ni kadi 60 na mkono wa kwanza ni kadi 7. Ukiwa na viumbe 8 wa kambi, takriban mkono mmoja kati ya mitatu hautakuwa na hata mmoja wao. Wakifika 20, mikono ya namna hiyo hushuka hadi kama 5 kwa 100. Pale kanuni inaporuhusu nakala 4 za kila kadi, 20 ni kadi tano tofauti. Mimi ningechora 10 hadi 12, ili mchezaji awe na cha kuchagua.

Viongozi wanaoongeza nguvu, kama Lord of Atlantis, nao wana hatari yao, kwa sababu nyongeza hujumlishwa. Watatu wakiwa mezani pamoja, askari wa 1/1 (nguvu 1, uhai 1) anakuwa 4/4 bila kulipiwa chochote zaidi. Mpe kiongozi uhai mdogo ili mpinzani aweze kumwondoa.

Udhaifu nao uandikwe mapema. Wanamatope hawaruki, na kadi inayomwondoa kiumbe mchezoni bila kumuua huwanyima kila kitu. Majaribio yakionyesha wanashindwa hapo, usizibe pengo hilo: ndilo linalowapa wapinzani njia.

Katika uigizaji mezani, ambapo kila mchezaji huigiza mhusika na msimamizi huongoza hadithi na maadui, wachezaji hukutana na kambi kama adui, mara nyingi kwa raundi chache tu, hivyo tabia yake lazima ionekane tangu raundi ya kwanza. Dungeons & Dragons toleo la nne, la mwaka 2008, liliwagawia maadui majukumu, wakiwemo wanyonge wenye alama 1 tu ya uhai. Aina tatu zinatosha: wanyonge, mlinzi na kiongozi. Kisha msimamizi aandike kambi inataka nini, inaogopa nini na hukimbia lini. Wanamatope, kwa mfano, hawajali kifo cha mwenzao ila hurudi nyuma wakivutwa kwenye ardhi kavu. Wachezaji waone dalili ya hilo kabla ya pambano, labda nyayo zinazoishia ukingoni mwa matope.

Hapa kanuni ya kifo inahitaji kikomo. Wanamatope wakiwa saba, na kila kifo kikiongeza dhara 1, wa mwisho atapiga kwa nyongeza ya 6. Nyongeza hiyo isimamishe kwenye 3. Tatizo la pili ni shambulio la moto unaoenea na kuwapiga wengi pamoja: moto huo ukiwateketeza wote kwa pigo moja, hakuna atakayebaki wa kupata nguvu. Walete kwa mawimbi mawili, wanne kwanza, watatu raundi inayofuata, wakitokea upande mwingine.