Kwa nini mganga wa Shadowrun hupata tabu kumtibu mtu mwenye vyuma mwilini?

Mpiganaji amepigwa risasi ya bega, yuko chini kwenye uchochoro wa Seattle ya mwaka 2050, ndani ya mchezo wa Shadowrun. Mganga wa kikosi, anayeponya kwa uchawi, anapiga magoti, anamwekea mikono, kete zinarushwa, na jeraha halifungi. Wachezaji wapya wa Shadowrun hushangaa sana wakifika hapa, kwa sababu mganga huyuhuyu amemponya mwenzao mwingine, mwenye jeraha lilelile, bila shida yoyote.

Jibu limo mwilini mwa majeruhi. Shadowrun ni mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika, uliotolewa na kampuni ya FASA ya Marekani mwaka 1989, na ndani yake uchawi na mashine vinaishi mtaa mmoja. Kila mhusika huanza na alama 6 za Kiini, kipimo cha ukamilifu wa mwili na roho yake. Kila kipandikizi, yaani kifaa kinachowekwa mwilini, hula sehemu ya alama hizo. Macho ya bandia yalikula 0.2 tu katika matoleo ya mwanzo. Nyaya za kuharakisha mwili, zile zinazomfanya mtu afyatue kabla adui hajainua mkono, hula 2 zikiwa za daraja la kwanza, 3 kwa daraja la pili, na 5 kwa daraja la tatu. Kiini kikifika sifuri, mhusika anakufa. Ukikitoa kifaa, Kiini kilicholiwa hakirudi.

Sasa tazama hesabu ya uganga katika toleo la tatu, la mwaka 1998. Namba ambayo kila kete ya mganga inatakiwa kufikia ni 10 ukitoa Kiini cha mgonjwa. Mtu mzima kabisa ana 6, kwa hiyo 4 inatosha, na nusu ya kete hufaulu. Mwenye nyaya za daraja la tatu amebaki na 1, hivyo inatakiwa 9. Kete yenye pande sita hufika huko kwa njia moja tu: iangukie 6, irushwe tena, ijumlishwe, na mrusho wa pili ulete 3 au zaidi. Kutoka nusu, nafasi imeshuka hadi moja kati ya tisa! Toleo la nne, la mwaka 2005, lilibadilisha njia lakini si wazo: mganga hupunguziwa kete kwa kadiri ya Kiini alichopoteza mgonjwa.

Kwa nini waliamua hivyo? Ndani ya hadithi, uganga huu hushika mwili ulio hai, na mwili uliojazwa vyuma umeupunguzia uganga pa kushika. Kwa upande wa mchezo, bila kanuni hii kila mpiganaji angejaza vyuma mpaka ukingoni, kisha amwachie mganga kazi ya kumfufua. Mimi naipenda kwa sababu haimkatazi mtu chochote. Unaruhusiwa kuwa na kasi ya kutisha. Gharama yake inakujia siku umelala chini na damu inatoka. Mganga naye hawezi kukwepa, maana akijipandikizia mashine, nguvu zake mwenyewe za uchawi hupungua.

Si kila mchezo umefuata njia hii. Starfinder, wa mwaka 2017, huweka kikomo kwa sehemu za mwili, kipandikizi kimoja kwa kila sehemu, na uponyaji wa kichawi haupungui kitu. Katika Eberron, ulimwengu wa mchezo wa Dungeons & Dragons uliotoka mwaka 2004, viumbe wa mbao na chuma walioundwa kwa ajili ya vita walipata nusu tu ya tiba ya kawaida, lakini kulikuwa na uchawi mwingine wa kuwatengeneza.

Ukicheza Shadowrun, basi, mganga ajue Kiini cha kila mwenzake kabla ya kazi kuanza. Mwenye fedha anunue vifaa vya ubora wa juu kabisa, ambavyo katika toleo la tatu hula nusu tu ya Kiini cha vile vya kawaida. Na yule mwenye nyaya za daraja la tatu abebe sanduku la dawa, na kikosi kiwe na mtu aliyejifunza huduma ya kwanza.