Jaji Akijiondoa Hajakiri Kosa

Jaji hawezi kujiondoa kwenye kesi siku hizi bila mtu kuibuka na kusema, "Si mnaona? Alikuwa ameshanunuliwa." Kujiondoa ni jaji au hakimu kuacha kusikiliza shauri kwa sababu kuna jambo linaloweza kumtia mtu mwenye busara shaka kama ataamua bila upendeleo. Anaweza kuamua mwenyewe, au mdaawa mmoja, yaani mmoja wa walio katika kesi, akaomba. Jalada linapangiwa mwingine, kesi inaendelea.

Tatizo liko kwenye hiyo shaka. Watu wanadhani swali ni kama jaji amependelea. Silo. Swali ni kama mtu wa kawaida, asiye na jazba na anayezijua habari zote, angeona uwezekano wa kweli wa upendeleo. Moyo wa jaji haupimwi hapo, na hata akiwa safi kabisa anaweza kulazimika kuondoka.

Katika kesi ya Dimes, iliyoamuliwa Uingereza mwaka 1852, jaji aitwaye Lord Cottenham alikuwa amethibitisha amri iliyoipa ushindi kampuni ya mfereji, naye alikuwa na hisa kwenye kampuni hiyo. Majaji waliotengua amri yake walisema hakuna anayedhani hisa zile zilimshawishi hata kidogo. Wakaitengua hivyo hivyo. Mwaka 1923 ikaja ya mwendesha pikipiki aliyetiwa hatiani kwa kuendesha kwa hatari. Karani wa mahakama aliingia faragha na mahakimu, kumbe ofisi yake ya uwakili ilikuwa ikimdai fidia mshtakiwa huyo huyo, kwa niaba ya mteja, kwa ajali ile ile. Mahakimu walieleza kwamba hawakumuuliza neno. Hukumu ikafutwa, na Jaji Mkuu, Lord Hewart, akaandika maneno yanayorudiwa mpaka leo: haki haitoshi kutendeka, sharti ionekane wazi kuwa imetendeka.

Ya Pinochet, aliyekuwa mtawala wa kijeshi wa Chile, ndiyo inayojulikana zaidi. Uamuzi wa Novemba 1998 uliomnyima kinga ulitenguliwa kwa kuwa mmoja wa majaji, Lord Hoffmann, alikuwa mkurugenzi, bila malipo, wa taasisi tanzu ya shirika la haki za binadamu la Amnesty International, na Amnesty yenyewe ilikuwa imeingia katika shauri hilo. Jopo jipya lilisikiliza upya. Hakuna aliyesema amehongwa.

Kosa la upande wa pili nalo lipo, na mawakili wengine hulifanya kwa makusudi. Jaji akikataa ombi dogo, kesho yake wanamtaka ajitoe. Kushindwa kwenye ombi si ushahidi wa upendeleo. Dawa yake ni rufaa. Jaji anayekimbia kila anapolalamikiwa anawapa wadaawa nafasi ya kujichagulia jaji, na hilo nalo linaharibu haki. Tena kanuni za Bangalore za mwaka 2002, zinazohusu maadili ya majaji, zinaruhusu jaji kubaki pale ambapo hakuna mahakama nyingine inayoweza kuundwa kusikiliza shauri.

Kwa hiyo ukisikia jaji kajiondoa kwa kuwa aliwahi kumtetea mmoja wa wadaawa enzi za uwakili wake, habari ni hiyo tu: aliwahi kumtetea. Anayetaka kusema kala rushwa apeleke malalamiko kwenye chombo cha nidhamu ya majaji, na aende na ushahidi.