Je, wajua picha ya msitu hupandaje kwenye bunduki?

Ukikaa kiti cha mbele kwenye gari lililotumika Japani, hasa zile saluni za wakubwa zenye viti vya velveti, tupa jicho kandokando ya redio na swichi za vioo. Utaona vipande vya mbao vinang'aa, nyuzi zake zimepinda taratibu kama mninga uliopigwa randa na fundi asiye na haraka. Mara nyingi hiyo si mbao. Ni plastiki iliyozamishwa kwenye maji, na juu ya maji hayo palikuwa na picha ya mbao inaelea. Mimi niliamini siku kifuniko cha swichi ya mlango kilipobanduka na kubaki mkononi mwangu: juu mninga, pale kilipovunjika plastiki nyeusi tii.

Njia hiyohiyo ndiyo inayozivisha bunduki za kuwindia za Marekani majani, magome na vijiti. Anayeziona kwa mara ya kwanza hujiuliza: mchoro wenye vijitawi visivyohesabika, unaozunguka kila kona ya kitako bila mshono wa kuonekana, ameuchora nani? Hakuna aliyeuchora pale. Na namna ulivyofika pale ndiyo inayoeleza kwa nini mwenye bunduki ya aina hii, akitaka kuirudia rangi, huingia kwenye kazi kubwa kuliko alivyodhani.

Tuchukue bunduki moja inayojulikana: Ruger 10/22. Ni bunduki ndogo ya nusu-otomatiki, yaani kila ukivuta kifyatuo inapiga risasi moja, inatema ganda na kujipakia nyingine yenyewe. Ilitoka mwaka 1964, inatumia risasi ndogo za .22, na Wamarekani wengi wamejifunzia shabaha kwa hiyo, wakilenga makopo na kuwinda sungura na kindi. Kitako chake cha kawaida ni cha mbao au plastiki nyeusi, lakini imewahi kutoka kiwandani na kitako cha mabaka ya msitu.

Mabaka hayo huanza kama karatasi laini ya plastiki iitwayo polivinili alkoholi, jamaa wa ile inayofunika vidonge vya sabuni ya mashine za kufulia. Sifa yake kubwa ni kwamba huyeyuka majini. Picha ya msitu huchapwa juu yake kwa roli, kama kitenge kinavyochapwa. Kisha hulazwa juu ya maji ya uvuguvugu wa kama nyuzijoto 30, upande wenye wino ukitazama juu. Kwanza hujikunja na kufanya makunyanzi, halafu hulegea na kujinyoosha. Baada ya kama dakika moja fundi hupuliza kemikali ya kuamsha wino. Hapo ndipo pa kutazama: picha iliyokuwa imefifia ghafla hung'aa kama mafuta yaliyomwagika kwenye dimbwi. Wino umeyeyuka upya, unaelea wenyewe, na kilicho chini yake kimeshakuwa ute tu.

Fundi anashika kitako kwa mikono miwili yenye glavu na kukishusha polepole, kikiwa kimeinama upande, ili hewa isinaswe chini yake. Maji hayana uso wala mgongo. Hukisukuma kitu kutoka kila upande kwa pamoja. Kwa hiyo wino unaozama nacho hukandamizwa kwenye kila bonde, kila tundu la skrubu, kila mkunjo wa pale panaposhikwa mkono. Kabla ya kukitoa anasafisha uso wa maji, la sivyo mabaki ya wino yatakipaka tope kikitoka. Ute unaoshwa, kitu kinakaushwa, na juu yake hupigwa vanishi angavu. Mjapani Motoyasu Nakanishi wa kampuni ya Cubic Engineering aliombea mtambo wa kazi hii hataza ya Marekani, yaani haki ya mvumbuzi, mwaka 1982.

Kwa kuwa picha inaelea na kuvutika kidogo kila inapozamishiwa kitu, hakuna bunduki mbili zinazotoka na mabaka yanayolingana kabisa, hata kama zimezamishwa asubuhi moja kwenye pipa moja. Na kuna siri nyingine ambayo wengi hawaijui: picha yenyewe ina sehemu zisizo na wino. Pale unapoona rangi ya nyasi kavu, mara nyingi ni rangi ya chini iliyopulizwa kabla ya kuzamisha, inachungulia. Badilisha rangi ya chini, na msitu uleule unahama kutoka kiangazi kwenda masika.

Msitu wenyewe ni wa nani? Kwa miaka mingi wawindaji wa Marekani walivaa mabaka ya jeshi yaliyouzwa kama masalia. Mwaka 1986, kwa mwaka uleule, wakatokea watu wawili kusini mwa nchi. Toxey Haas wa Mississippi alibeba majani, vijiti na udongo kutoka porini hadi kiwanda cha nguo, akaomba wamtengenezee kitambaa kinachofanana na hivyo. Ndiyo ikazaliwa kampuni ya Mossy Oak. Bill Jordan wa Georgia naye alianza kwa kuchora gome la mwaloni uliokuwa uani kwa wazazi wake, na biashara yake ikawa Realtree. Leo viwanda vya bunduki huwalipa wenye michoro ya namna hii ili waitumie. Kwa hiyo mti wa uani kwa mzee fulani huko Georgia umeishia kwenye vitako vya watu ambao hawajawahi kufika huko.

Sasa, mabaka haya yanasaidia? Inategemea unamfuata nani. Paa wa Marekani wana aina mbili tu za seli za kutambua rangi machoni, sisi tuna tatu. Rangi ya machungwa kali, ile ya jaketi za waongoza magari, kwao ni rangi iliyopooza. Ndiyo maana majimbo mengi ya Marekani humlazimisha mwindaji wa paa kuvaa machungwa ili wenzake wasimpige, na paa hashtuki. Basi utamkuta mtu amevaa fulana inayowaka kama taa, mkononi ameshika bunduki iliyofichwa kwa ustadi wote wa dunia. Ukicheka si kosa lako. Kinachomtia shaka paa zaidi ni rangi ya bluu, pamoja na mwendo na harufu. Bata mzinga wa porini ni habari nyingine: ana aina nne za seli hizo na macho makali kweli, na kwake mtutu unaometa jua ni kengele. Kwa ndege huyo naamini mabaka yana kazi. Kwa paa, nusu yake ni mapambo.

Huku kwetu mabaka yana maana nyingine kabisa. Tanzania, Kenya na Uganda, raia akivaa nguo zinazofanana na sare za jeshi anajitafutia kesi. Na mgeni anayekuja kuwinda Tanzania haruhusiwi kuingia na bunduki ya nusu-otomatiki, iwe na majani au bila majani.

Turudi kwa mwenye 10/22 yake. Baada ya misimu kadhaa mabaka huanza kutoka. Kwanza pale mkono unaposhika, halafu kwenye kingo, halafu pale mkanda unapopita. Adui mmoja huwashangaza wengi: dawa ya mbu. Kemikali ya DEET iliyomo kwenye dawa nyingi za kujipaka inafukuza mbu vizuri, lakini pia inalainisha baadhi ya plastiki na vanishi. Mwindaji anajipaka mikononi, anashika kitako, na jioni anakuta vanishi inanata na alama za vidole vyake zimebaki mle kama kwenye hati ya polisi. Dawa za kusafishia mtutu nazo hufanya hivyohivyo zikidondoka pasipotakiwa.

Anaamua kuirudia. Akilini mwake ni kopo la rangi na saa mbili za Jumamosi. Halafu anaifungua, akiwa ameshahakikisha haina risasi kwenye chemba wala kwenye magazini, na hapo ndipo anapokutana na bunduki tatu ndani ya moja. Mtutu ni chuma cha pua au chuma cha kawaida. Mwili unaobeba mitambo ni aloi ya alumini. Kitako ni plastiki au mbao. Kila kimoja kina tabia zake. Chuma cha kawaida kikivuliwa rangi na kulala usiku kwenye hewa ya unyevu, asubuhi kimeshapiga kutu nyembamba. Alumini haipati kutu nyekundu, ila rangi haiishiki ikiwa laini. Plastiki ukiisugua kwa asetoni au tina bila kuijua aina yake, inaweza kuyeyuka mbele yako.

Wenye kutaka kazi idumu huenda kwenye mipako ya kauri kama Cerakote, inayotengenezwa jimbo la Oregon, Marekani. Siri ya mpako huo haiko kwenye kopo. Chuma kinaoshwa hadi mafuta yaishe, kinatiwa kwenye oveni ili mafuta yaliyojificha kwenye mianya yatoke jasho, kinaoshwa tena, kisha kinapigwa chembe za oksidi ya alumini kwa kompresa mpaka uso wake uwe na mkwaruzo kama msasa laini. Baada ya hapo hakiguswi kwa mkono mtupu. Alama moja ya kidole ni mafuta ya kutosha kuibandua rangi mwaka kesho. Rangi yenyewe hupulizwa kwa dakika chache tu. Kisha chuma na alumini huingia kwenye oveni ya nyuzijoto kama 120 kwa saa mbili. Kitako cha plastiki ukikitia humo kitatoka kimepinda kama ndizi; chenyewe hukaushwa kwenye joto la chini zaidi, nyuzijoto 65 hadi 80 hivi. Kwa hiyo kazi ya kitu kimoja inakuwa zamu mbili za oveni.

Na nusu-otomatiki huongeza ugumu wake. Kila risasi inapotoka, kuna kipande cha chuma kinachorudi nyuma na kwenda mbele kwa kasi ndani ya mwili wa bunduki, na nafasi yake imepimwa. Mpako wa kauri una unene wa kama 0.025 ya milimita, nywele ya kichwani ni nene kuliko huo, lakini ukiupiga pande zote mbili za njia yake kipande kinaanza kusuasua. Fundi mzuri utamjua kwa muda anaotumia kuziba: chemba, ndani ya mtutu, njia za mitambo, vyote vinafungwa kwa utepe na vizibo vya mpira kabla hajagusa kopo.

Sehemu moja haifutwi wala haisawazishwi, nayo ni namba ya usajili. Sheria ya bunduki ya Marekani ya mwaka 1968 ilivilazimisha viwanda kuziandika, na kuifuta ni kosa la jinai. Kanuni za sasa zinataka ichongwe kwa kina kisichopungua inchi 0.003, karibu 0.076 ya milimita. Linganisha na unene wa mpako: rangi inafika theluthi moja tu ya shimo, namba inabaki inasomeka. Anayeipoteza ni yule aliyeshambulia chuma kwa msasa wa mashine kwa sababu alikuwa na haraka.

Rangi ya kupuliza kwa mkono ina faida moja ambayo picha inayoelea haina. Picha hiyo hukizungushia kitu msitu uleule juu na chini. Lakini jua hupiga kutoka juu, na kitu cha mviringo kama mtutu hung'aa mgongoni na kuwa na kivuli tumboni. Kivuli hicho ndicho kinachokisaliti. Swala ana mgongo wa kahawia na tumbo jeupe kwa sababu hiyo. Mwanazuolojia Mwingereza Hugh Cott, aliyewahi kuchunguza wanyama kwenye bonde la Zambezi, aliijaribu hoja hii Agosti 1940 kwa mizinga miwili ya kijeshi ya pwani iliyokaa kwenye reli. Mmoja ulipakwa mabaka ya kawaida ya jeshi. Wa pili yeye aliupaka rangi nzito juu na nyepesi chini, kama swala. Kisha ikapigwa picha kutoka angani. Kwenye picha hizo mzinga wenye mabaka unaonekana wazi umelala kwenye reli yake. Ule wa Cott karibu hauonekani kabisa.