Ambienti: muziki wa kusikilizia

Kiswahili kina kusikia na kina kusikiliza, na tofauti yake tunafundishwa tungali wadogo: "Unanisikia, lakini hunisikilizi!" Kipo kitenzi cha tatu kinachotajwa mara chache zaidi, kusikilizia. Mgonjwa aliyemeza dawa anasikilizia. Aliyeomba kazi akaambiwa atapigiwa simu naye anasikilizia. Hakukaza masikio wala hakuyaziba. Ametulia, ameacha nafasi, jambo likija litamkuta. Sijapata neno linalofaa zaidi kueleza muziki wa ambienti. Ni muziki uliotungwa kwa ajili ya mtu anayesikilizia.

Kwa kuutazama juujuu, ni muziki wa sauti ndefu zinazoibuka taratibu na kufifia, mara nyingi bila ngoma, bila kiitikio cha kungojea, bila mwimbaji wa kukusimulia kisa. Jina lake lina asili ya Kilatini, kwenye neno lenye maana ya kuzunguka, na hapo ndipo penye kiini. Wimbo wa kawaida hukaa mbele yako kama mtu anayezungumza nawe. Ambienti hukaa pande zote, kama mwanga wa chumba ulimo.

Aliyeupa muziki huu jina ni Mwingereza Brian Eno, aliyekuwa mpiga sinthesaiza, yaani kinanda cha elektroniki, wa bendi ya Roxy Music. Januari 1975 aligongwa na teksi jijini London. Akiwa amelala nyumbani anauguza majeraha, rafiki alimletea santuri ya kinubi, muziki wa karne ya 18. Mgeni alipoondoka, Eno alijikongoja akaiweka santuri, akarudi kitandani, ndipo akagundua kwamba sauti iko chini mno na upande mmoja wa spika umekufa. Hakuwa na nguvu za kuinuka tena. Nje mvua inanyesha, na zile noti chache zenye nguvu ndizo zilizopenya mvua na kumfikia. Alisimulia mwenyewe kwamba siku hiyo alijifunza kusikia muziki kama sehemu ya mazingira, sawa na rangi ya mwanga na sauti ya mvua. Mwaka huohuo akatoa Discreet Music, ambayo upande wake wa kwanza ni kipande kimoja cha dakika 30.

Wazo lenyewe lilikuwa na mzee wake. Mfaransa Erik Satie alitunga alichokiita muziki wa fanicha, na mwaka 1920 ukapigwa Paris wakati wa mapumziko ya onyesho. Wasikilizaji walihimizwa watembee, waongee, wasijali. Walirudi vitini wakanyamaza kusikiliza! Hawakuwa wamezoea kuachwa huru namna ile.

Albamu iliyoweka jina rasmi ni Ambient 1: Music for Airports, ya 1978. Eno alikuwa ameketi kwenye uwanja wa ndege wa Cologne, Ujerumani, jengo zuri, asubuhi nzuri, na spika zinamwaga muziki hafifu usio na uhusiano wowote na mahali pale. Akajiuliza ni muziki gani ungefaa uwanja wa ndege. Alichokifikia kinaonyesha jinsi alivyofikiri kama fundi: muziki huo lazima uweze kukatizwa na tangazo bila kuharibika, usigongane na sauti ya watu wanaoongea, wala usiende kwa mwendo wa maongezi. Tena usijifanye kwamba ndege haziwezi kuanguka. Muziki wa kampuni ya Muzak, uliokuwa ukipigwa maofisini na viwandani Marekani, ulikusudiwa kuchangamsha watu na kufunika mashaka yao. Eno alitaka mashaka yabaki mahali pake, na msikilizaji apate utulivu wa kuyafikiria. Ndiyo maana siridhiki ninapoona ambienti ikiwekwa kapu moja na sauti za kuletea usingizi. Unaweza kulala nayo, na hakuna ubaya, lakini haikutungwa ili akili yako izimike.

Jinsi albamu hiyo ilivyotengenezwa ni jambo la kustaajabisha kwa urahisi wake. Katika kipande cha pili, sauti za wanawake wanaoimba "aaa" zilirekodiwa kwenye tepu, noti moja moja, kila tepu ikaunganishwa kichwa na mkia ili ijirudie bila kukoma. Tepu hizo hazilingani urefu: moja inarudi kila baada ya sekunde 23 na nusu, nyingine karibu 26, nyingine karibu 30. Ukitaka kuelewa kinachotokea, tazama magari matatu yaliyowasha indiketa kwenye foleni ya kukata kona. Taa zinawaka pamoja, kisha zinaachana, zinafukuzana, halafu ghafla zinakutana tena. Hakuna dereva aliyepanga. Eno aliandaa tepu akaziacha zikutane zenyewe, na mchanganyiko ule ule hauji kurudi kwa muda mrefu sana. Kipande cha kwanza kina piano ya Robert Wyatt kwa takriban dakika 17, na kwa masikio yangu ndicho chenye huruma kuliko vyote.

Hata hivyo, anayeanza simpi hiyo kwanza. Nampa Music for Nine Post Cards ya Hiroshi Yoshimura, Mjapani, ya 1982. Vipande tisa, vya kinanda cha umeme tu, vyepesi kama mtu anayeandika kadi fupi kwa rafiki. Ilitumika kwenye jumba la sanaa la Hara, Tokyo, ikawa wageni wanauliza ule muziki ni wa nani. Ukiipenda, nenda kwenye Green ya 1986, ya huyohuyo. Kisha mtafute Laraaji, Mmarekani mweusi ambaye Eno alimkuta akipiga bustanini Washington Square, New York. Albamu yake Day of Radiance ya 1980 ni ya zita, chombo chenye nyuzi zilizotandazwa juu ya ubao. Aliyelelewa na taarabu ataitambua haraka, kwa kuwa kanuni, ile ala ya nyuzi ya taarabu, ni ya ukoo huohuo. Upande wa kwanza nyuzi zinamiminika kwa kasi, upande wa pili zinaachwa zilie hadi zife zenyewe.

Wapo wanaodhani ambienti lazima iwe tamu. Selected Ambient Works Volume II ya mwanamuziki wa elektroniki Aphex Twin, 1994, itawatoa huko. Inazidi saa mbili, karibu vipande vyote havina majina, na vingine vinatisha kama nyumba isiyo na mtu. The Disintegration Loops ya Mmarekani William Basinski inaumiza kwa namna yake. Mwaka 2001, huko Brooklyn, alikuwa akihamishia kwenye mfumo wa dijiti tepu zake za miaka ya 1980, na tepu zikaanza kupukutika zikiwa zinazunguka kwenye mashine. Hakuizima. Kipande cha kwanza kinapita saa nzima: fungu fupi la muziki linajirudia, kila mzunguko umepoteza chembe, mpaka panabaki kimya chenye mikwaruzo. Sikuwahi kuisikiliza yote bila kusimamisha shughuli niliyokuwa nayo.

Ninayoipenda kuliko zote ni Ambient 4: On Land ya 1982, na mzizi wake mmoja uko Afrika. Novemba 1980 Eno alikaa Ghana, akiwa na maikrofoni na kinasa sauti, kwa nia ya kurekodi ngoma na lugha. Jioni akajikuta anaketi barazani, maikrofoni imeelekezwa kunasa sauti za kila upande, naye anazisikiliza kwenye hedifoni. Sauti zote hizo, za mbali na za karibu, zikawa kitu kimoja. On Land imejengwa kwa hisia hiyo: haina tuni ya kushika, ina mahali. Unaingia kama unavyoingia mikoko wakati maji yanapwa.

Njia hiyo imefikishwa mbali na Mkenya KMRU, jina lake halisi Joseph Kamaru, aliyekulia Nairobi na baadaye akahamia Berlin. Jina ni la babu yake, mwanamuziki mashuhuri wa nyimbo za Kikuyu aliyefariki 2018. Peel, ya 2020, inatumia sauti za mazingira alizozirekodi, kisha anazivuta na kuzitandaza juu ya mvumo wa sinthesaiza mpaka hujui mtaa umeishia wapi na muziki umeanzia wapi. Katika Temporary Stored ya 2022 alifanya kazi na rekodi zilizohifadhiwa kwenye makumbusho ya Afrika huko Tervuren, Ubelgiji, akiuliza kwa sauti yenyewe ni nani mwenye haki ya kuzitunza. Mkenya mwenzake Nyokabi Kariũki naye, katika peace places: kenyan memories ya mwaka huohuo, amepeleka humo mahali pa kumbukumbu zake za Kenya, pakiwemo Galu, ufuo wa kusini mwa Mombasa.

Spika ya simu haitakufaa. Inameza sauti za chini, na nusu ya On Land iko huko. Weka sauti ndogo, fungua dirisha, usisimame kurudisha nyuma ulichokikosa. Eno alichapisha hata mchoro kwenye jalada la albamu hiyo: chukua spika ya tatu, iunganishe na ncha chanya za zile mbili, uiweke nyuma ya unapoketi.