Lipoma ya mfupa wa taya ni kitu gani?

Lipoma ni uvimbe wa mafuta, na si saratani. Wengi tunaujua ule wa chini ya ngozi, begani au mgongoni: laini, ukiuminya unateleza, hauumi. Wa ndani ya mfupa ni nadra sana, na ukitokea huonekana zaidi kwenye kisigino na mifupa mirefu ya mguu. Kwenye taya ni nadra zaidi. Mara nyingi huwa taya la chini, huko nyuma kwenye magego.

Mafuta yameingiaje mfupani? Hayakuingia, yalikuwemo. Aliyewahi kunywa supu ya mifupa pale Mbuyuni, Moshi, anaujua uboho. Kwa mtu mzima sehemu kubwa ya uboho wa taya ni mafuta. Seli zake zikiongezeka kupita kiasi mahali pamoja, uvimbe umeanza.

Hukua polepole, mara nyingi bila maumivu. Mtu anakwenda kung'oa jino, anapigwa eksirei, daktari anaona doa jeusi ambalo mgonjwa hakulijua. Wachache huvimba shavu au kufa ganzi mdomo wa chini, kwa kuwa mshipa wa fahamu wa meno ya chini unapita humo humo mfupani. Uvimbe ukikaa sana, mafuta ya katikati hukosa damu ya kutosha, yakafa, na chokaa ikajijenga. Mwaka 1988 daktari wa mifupa aitwaye Milgram alizipanga lipoma za mifupa katika hatua tatu kwa kufuata mabadiliko hayo. Chokaa hiyo ndiyo maana ndani ya weusi wa picha huweza kuonekana vidoa vyeupe.

Naomba hili lishikwe vizuri: eksirei peke yake haitoshi kuutaja ugonjwa. Doa jeusi laweza kuwa uambukizo wa mzizi wa jino, kifuko cha maji, au uvimbe uitwao ameloblastoma, ambao nao si saratani lakini hula taya na kurudi usipoondolewa wote. CT skani husaidia sana, kwani kwenye kipimo chake maji ni sifuri na mafuta husoma chini ya hapo. Jibu la uhakika hutoka kwenye kinyama kinachokatwa na kupimwa maabara.

Ikithibitika ni lipoma, daktari wa upasuaji huikwangua itoke, na kurudi kwake ni nadra. Kwa hiyo ukipewa rufaa ya hospitali ya KCMC usiogope wala usiahirishe, na ile eksirei ya kwanza nenda nayo. Wataifananisha na picha mpya waone kama doa limekua.