Amplifaya Haijafa, Angalia Televisheni Inatoa Nini

"Fundi, amplifaya imechoka, nikiiunga na TV sauti haieleweki." Maneno haya nimeyasikia mpaka yananichosha, na mara nyingi mwenye nayo ameshapakia mzigo mzito kwenye bajaji mpaka karakana, na njiani kuna mjuaji kamwambia transista zimeungua. Nachukua simu, naichomeka kwenye AUX ile ile, yaani tundu la kuingizia sauti alilokuwa anaunga TV, wimbo unapiga safi, besi imekaa, kushoto na kulia kote kunasikika. Amplifaya inayopiga simu vizuri kwenye tundu lile lile haijaungua transista. Kosa liko kwenye televisheni, kwenye waya, au kwenye mipangilio. Fanyeni jaribio hilo nyumbani kabla ya kulipa nauli.

Mepesi niyapitie haraka. Matundu mekundu na meupe nyuma ya TV za siku hizi kwa kawaida ni ya kuingiza, AV IN, ya deki na king'amuzi. Hapo hakitoki kitu hata ubadilishe waya mara ngapi. Tafuta palipoandikwa AUDIO OUT, au tundu la hedifoni. Upande wa amplifaya, usichomeke PHONO. Hilo ni la sahani za santuri, linategemea milivolti chache tu, na televisheni inaweza kusukuma mpaka karibu volti 2. Tena PHONO inapandisha besi makusudi na kushusha sauti kali, kwa hiyo utasikia mkwaruzo na besi iliyovimba, useme spika zimepasuka. Chomeka AUX, CD, TAPE IN, vyovyote isipokuwa hiyo. Na ukitumia tundu la hedifoni, sauti ya TV ipandishe mpaka kama robo tatu, kisha ongeza na punguza kwa amplifaya. TV ikiwa chini na amplifaya juu, unakuza vumi.

Sasa lile linaloniudhi. Mtu anatazama mpira, kelele za uwanja anazisikia vizuri, mtangazaji hasikiki, au yuko mbali kama anaongea kutoka chumba cha pili. Anaambiwa anunue amplifaya yenye wati nyingi zaidi. Wati haziwezi kurudisha sauti ambayo haikufika!

Itazame pini yenyewe, ile ya milimita 3.5 inayoingia kwenye tundu la hedifoni. Ncha ni kushoto, pete ya katikati ni kulia, shina ni waya wa ardhi wa pande zote mbili. Pini isipoingia mpaka mwisho, au shina likiwa limekatika ndani ya plastiki pale waya unapopindishwa kila siku, kushoto na kulia zinakosa njia ya kurudia, zinaishia kurudiana zenyewe. Amplifaya inapokea tofauti kati yao tu. Mtangazaji amerekodiwa sawasawa pande zote mbili, kwa hiyo anajifuta. Mashabiki hawako sawa kushoto na kulia, kwa hiyo wanabaki. Ishike pini, isukume, izungushe polepole huku TV inaongea. Mtangazaji akirudi ghafla, umelipata kosa, na waya mpya ni bei ya soda chache.

Pini nzima na bado maneno hayasikiki? Ingia kwenye mipangilio ya sauti, uzime kila kitu kinachoitwa surround. Madoido hayo yanachezea tofauti hiyo hiyo ya kushoto na kulia. Halafu kagua nyaya za spika, nyekundu kwa nyekundu pande zote mbili. Spika moja ikigeuzwa, besi inakonda na sauti ya mtu haikai katikati.

Wenye kiboksi cha kugeuza sauti ya optikali, ile inayosafiri kama mwanga, kuwa ya nyaya nyekundu na nyeupe, wengi wenu mnapata kimya au mikwaruzo kwa sababu TV inatuma Dolby Digital, sauti iliyobanwa, na viboksi vingi vya bei nafuu vinaelewa PCM peke yake, ile ya kidijitali isiyobanwa. Weka PCM kwenye TV. King'amuzi nacho kina mpangilio wake, kiweke stereo, la sivyo utahangaika na TV isiyo na kosa.

Mngurumo ni habari nyingine. Ukiwa mzito na haubadiliki, huo ni umeme wetu wa hezi 50 unazunguka kati ya vyombo viwili vilivyoshikana kwa njia mbili. Chomoa waya wa dishi nyuma ya king'amuzi. Mngurumo ukikata, mzunguko ulipitia huko, na dawa ni transfoma ndogo ya kutenganisha sauti, inakaa kati ya TV na amplifaya. Usikate pini ya ardhi kwenye plagi. Narudia, usikate. Ile pini inalinda maisha yako siku waya wa moto utakapogusa bodi ya chuma.

Hapa vitabu vinaongea kwa uhakika kuliko ninavyoweza. Kuna nyumba ambako nimehamisha plagi zote kwenye soketi moja ya ukutani, nikasogeza waya wa sauti mbali na wa umeme, nikabadilisha pini, mngurumo ukaisha, na sikuweza kusema kipi kilichoumaliza. Vilevile husemwa tundu la hedifoni siku zote ni duni kuliko optikali. Kwenye baadhi ya TV ni kweli kabisa, lina vumi la kuudhi. Kwenye nyingine nimekaa nasikiliza kwa makini nisione tofauti, kwa hiyo simlazimishi mtu kununua kiboksi kama waya wa kawaida unamtosha.

Ukilazimika kuja karakana, beba na waya ule ule unaoutumia nyumbani. Wengi wanauacha umechomekwa kwenye TV, wanakuja na amplifaya peke yake.